Mpira Usivute Mkia: Kuiweka TV ya Flati Sawa Kabla Hujaiuza

Mzee mmoja wa Chuda aliniletea TV yake ya inchi 43 juu ya keria ya baiskeli, imefungwa kwa kanga mbili na mpira wa mizigo, mjukuu wake akiishikilia kwa nyuma. Hapa Tanga baiskeli hubeba kila kitu, lakini nilipokiona kioo kile kinarukaruka kuja kibandani kwangu Ngamiani, moyo ulinidunda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mgosi. Niuzie hii. Haifai. Mpira una mkia kama tiara."

Nikaiwasha. Kioo kizima, hakina mstari wala doa. Sikufungua hata skrubu moja. Nikamwomba airudishe nyumbani, jioni nitapita na mikono mitupu, nitatumia rimoti yake tu. Niliyoyafanya jioni ile ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa mpangilio uleule. Ukianza na rangi kabla ya mwanga utairudia kazi, na ukianza kuhangaika na mkia kabla ya king'amuzi utapoteza saa nzima bure.

Mkia unatoka wapi

Watu huniambia TV za chogo hazikuwa na mkia. Ni kweli. Chogo ilichora picha kwa mwali unaopita haraka, kila nukta inang'aa kidogo halafu inafifia kabla picha inayofuata haijafika. Flati inaiweka picha, inaishikilia palepale, kisha inaibadilisha ghafla. Matangazo yetu yanakwenda kwa mwendo wa 50 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha inakaa kiooni milisekunde 20. Jicho lako halina habari na hilo, linaufuata mpira bila kusimama. Picha imetulia, jicho linatembea, na mpira unapakazika kama rangi mbichi iliyoburutwa na kidole.

Piga hesabu. Kioo cha inchi 43 kina upana wa kama sentimita 95. Mpira ukivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa sekunde mbili, unakwenda sentimita 47 na nusu kwa sekunde. Katika milisekunde 20 unakuwa umesogea karibu sentimita moja. Sentimita hiyo moja ndiyo mkia halali wa flati yoyote ya mwendo wa 50, iwe ya laki nne au ya milioni nne. Hata OLED, ambayo nukta zake hubadilika chini ya milisekunde moja, inao, maana nayo hushikilia picha.

Juu ya huo kuna mkia wa uvivu wa kioo chenyewe. Vioo vya aina ya VA vina weusi mzuri kuliko vya IPS, ila kutoka nyeusi kwenda kijivu kizito vinachelewa, na utaona kivuli cheusi kikimfuata mchezaji anapokatiza penye giza. Huo hautoki kwa rimoti.

Lakini wa mzee wa Chuda ulikuwa mrefu kuliko hesabu hiyo, na ulikuwa na kigugumizi ndani yake. Mkia wa namna hiyo umetiwa na mtu, au na TV yenyewe. Unaondoka.

Anza na king'amuzi

Nilikuta mambo mawili nyumbani kwa mzee. La kwanza, king'amuzi kimeunganishwa kwa zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, wakati tundu la HDMI liko tupu nyuma ya TV linakusanya vumbi. Waya ya njano inabeba picha ya mistari 576 tu, na rangi zote zimebanwa humo ndani ya waya mmoja. Kebo ya HDMI aliyoipata king'amuzi kilipokuwa kipya ilikuwa kabatini, ndani ya mfuko wake, haijafunguliwa.

La pili ni hili ambalo hata mafundi wenzangu wanalipita. Nilipounganisha HDMI na kuingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, kilikuwa kimewekwa kutoa picha kwa 60. Mechi inarushwa kwa 50, king'amuzi kinatoa 60, zile kumi zinazopungua zitatoka wapi? Kinazirudia. Kila baada ya picha tano, moja inaonyeshwa mara mbili. Kwa hiyo kila sekunde mpira unakwama mara kumi na kuruka mara kumi. Jicho halihesabu vigugumizi hivyo, linasema tu picha hii inanichosha. Nikaweka 1080 kwa 50, yaani mistari 1080, picha 50 kwa sekunde. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka ananitazama. Akasema, "Ehee," peke yake.

Kama unatazama filamu za kwenye flashi au za intaneti, hiyo ni habari nyingine, filamu nyingi ni picha 24 kwa sekunde. Usiuguse mpangilio wa king'amuzi kwa ajili yake.

Na kama mechi inakatikakatika kuwa vijumba vya mraba kila kamera ikigeuka haraka, hilo si kosa la TV. Ni picha iliyobanwa mno huko inakotoka. Usimlipe fundi kwa hilo.

Zima vinavyojidai kukusaidia

TV mpya huja imewekwa kushindana dukani, chini ya taa kali, ikiwa imepangwa na wenzake ishirini. Modi yake huwa "Vivid" au "Dynamic". Toka humo. Nenda "Movie", "Cinema" au "Filmmaker", jina lolote kati ya hayo utakalolikuta. Hiyo peke yake ni nusu ya kazi.

Kisha tafuta kipengele cha kupunguza chenga, kimeandikwa "Noise Reduction", na kingine pacha wake chenye neno "MPEG". Zima vyote viwili. Kinachofanyika ndani ya kile cha kwanza ni kwamba TV inachanganya picha ya sasa na iliyopita ili kufuta vidoadoa. Kwa mtangazaji wa habari aliyekaa kitini haina neno. Kwa mpira, picha iliyopita ndiyo mkia. Kwa mzee wa Chuda kilikuwa kimewekwa juu kabisa, na nilipokizima mkia ulikatika kama kamba. Mjukuu ndiye aliyeona kwanza.

Shapnesi nayo ishushe. Haiongezi hata nukta moja ya picha, inachora tu mstari mweupe kuzunguka kila kitu, na mstari huo mpira ukikimbia unakuwa mkia wa pili. TV nyingi mahali pake pa kweli ni sifuri au karibu na hapo. Sony ni tofauti, kwake katikati, yaani 50, ndiyo hali ya kutoguswa. Namna ya kujua: weka maandishi meusi juu ya nyeupe, sogelea kioo, shusha mpaka ule ukungu mweupe pembeni ya herufi utoweke.

Halafu umbo la picha. TV nyingi hukata kingo na kuivuta picha iliyobaki ijaze kioo, hivyo kila nukta inalegea. LG huita tiba yake "Just Scan", Samsung "Screen Fit". Washa.

Mwanga: kanzu na baibui

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoharibu.

Kuna vitu vitatu vinavyochanganywa. Baklaiti ni taa zilizo nyuma ya kioo. Braitinesi, licha ya jina lake, haihusu taa, inaamua weusi uanzie wapi. Kontrasti inaamua weupe uishie wapi. Mtu akiona picha hafifu anapandisha braitinesi, usiku unageuka majivu, anapandisha kontrasti kurekebisha, na mawingu yanageuka ukuta mweupe.

Wataalamu wana picha zao maalumu za kupimia. Mimi nina ya kwangu, nimeipiga kwa simu arusini: bwana aliyevaa kanzu nyeupe yenye darizi nyeupe kifuani, na pembeni yake mama yangu mdogo katika baibui jeusi lenye mikunjo, wote wamesimama kivulini saa tatu asubuhi, hakuna jua la moja kwa moja. Piga yako, hakikisha simuni unaziona darizi na mikunjo, itie kwenye flashi, ifungue kwenye TV.

Tazama baibui. Shusha braitinesi mpaka mikunjo yote imezwe, liwe shimo jeusi. Sasa ipandishe pole pole, hatua moja moja, mpaka mikunjo ianze kuonekana kwa shida. Simama hapo. Ukizidisha, baibui linakuwa la kijivu kama lililofuliwa na jiki.

Tazama kanzu. Pandisha kontrasti mpaka darizi zipotee, kifua kiwe karatasi. Rudi nyuma mpaka zionekane tena, uzi kwa uzi. Simama.

Baklaiti ndiyo ya mwisho, na hiyo inafuata chumba. Sebule ya mzee inatazama baraza, mlango wazi tangu alfajiri, mchana inahitaji mwanga mwingi. Usiku taa ile ile inachoma macho. Kama TV yako inaweza kuhifadhi modi mbili, weka ya mchana na ya usiku, zitofautiane kwa baklaiti tu. Na kabla ya yote, isogeze TV isitazamane na mlango. Hakuna mpangilio unaoshinda mlango uliomo ndani ya kioo.

Tahadhari moja. TV nyingi hutunza mipangilio kwa kila tundu peke yake, kwa hiyo uliyoyafanya kwenye flashi yanakiliwe pia kwenye HDMI ya king'amuzi. Ukifika huko ukakuta weusi wote umekuwa majivu, au mikunjo imezama yote, usirudi kwenye braitinesi. Tafuta "HDMI Black Level". Ving'amuzi hutuma weusi kwa namba 16 na weupe kwa 235, kompyuta hutuma 0 hadi 255. TV ikidhani imepata ya pili kumbe ni ya kwanza, inakosea kila kitu. Ibadilishe mara moja, utaona picha ikikaa mahali pake.

Rangi

Nenda kwenye joto la rangi. Utakuta baridi, ya kati, na ya joto, pengine "Warm 1" na "Warm 2". Chagua ya joto kabisa. Video hutengenezwa kwa kufuata weupe wa kama kelvini 6500, na "Warm 2" ndiyo iliyo jirani nao katika TV nyingi. Ile ya baridi ina bluu nyingi. Madukani wanaipenda kwa sababu bluu humfanya mtu aone nyeupe kuliko nyeupe, kama sabuni ya unga.

Nilipobadilisha, mzee alisimama. "Umeipaka manjano TV yangu!"

Nikamwomba, "Baba, iache mpaka Ijumaa. Ukiona bado manjano nitairudisha bure." Jicho lililozoea bluu miaka miwili linahitaji siku mbili tatu. Kwa sasa ukitaka kujihakikishia, chukua balbu ya LED iliyoandikwa 6500K kwenye boksi lake, imulike karatasi nyeupe pembeni ya kioo, na TV iwe inaonyesha ukurasa mweupe. Viwili hivyo vifanane kwa kukaribia. Balbu za bei rahisi si mizani ya dhahabu, lakini zitakuonyesha kama TV yako iko mbali na njia.

Ndani zaidi kuna namba za nyekundu, kijani na bluu. Usizinakili kutoka kwa mtu. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa pili wa ufundi: nikakuta namba za mtu mwenye TV ya modeli ileile kabisa, nikazipachika kwenye ya dada yangu, nikajisifu. Jioni kukawa na kipindi cha mapishi. Wali ukawa wa kijani. Dada akaniambia nikae nao mimi niule. Vioo viwili vilivyotoka kiwanda kimoja wiki moja havifanani, na namba zile zilikuwa dawa ya ugonjwa wa mwenzake. Kama lazima uguse, weka picha ya kijivu tupu, na rangi iliyozidi uipunguze kidogo, usipandishe nyingine.

Mstari wa wingi wa rangi nao una kipimo chake hapa nyumbani. Subiri Yanga wacheze. Jezi yao ya kijani na nyasi za uwanja ni kijani mbili tofauti. Ukiona zimekuwa kitu kimoja, rangi imezidi. Kisha tazama nyuso: ngozi ya mtu mweusi kwenye mwanga ina kahawia nyingi, shavu si sawa na paji la uso. Rangi ikizidi shavu linakuwa la chungwa tupu la Muheza. Tinti iache katikati.

Wale wanaohariri video za arusi kwa kompyuta, kwenu haya hayatoshi. Leso nyekundu ya bi harusi mkiipaka kwa macho mtaitoa ya waridi, na mama mwenye leso atajua. Tafuteni kipima rangi, kile kidude kinachoning'inizwa juu ya kioo na kusoma kila rangi, kisha kinaitengenezea kompyuta faili la marekebisho. Kinanunuliwa mara moja. Mnaweza kuchanga watatu wanne mkapokezana. Lengo la video ya kawaida ni kipimo cha rangi kiitwacho Rec. 709, na la picha za mtandaoni ni kiitwacho sRGB. Nyekundu, kijani na bluu zao ni zilezile.

Sasa ule mkia wa sentimita moja

Kila kampuni ina jina lake: Samsung Auto Motion Plus, au siku hizi Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow. Chini ya jina moja wamefunika dawa mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza inabuni picha za katikati. TV inatazama picha mbili, inakisia iliyopaswa kuwa kati yake, inaichomeka. Ukiingia kwenye mpangilio wa mkono wa Samsung au LG utakuta mistari miwili, wa "blur", yaani ukungu wa mwendo, na wa "judder", yaani kigugumizi. Ule wa "blur" unafanya kazi kwenye mpira kama kioo chako ni cha 100 au 120 halisi, yaani kinaweza kubadilisha picha mara 100 au 120 kwa sekunde, maana hapo kuna nafasi ya kuchomeka picha juu ya zile 50. Weka katikati, ukizidisha mpira unapopita mbele ya nyavu utapotea au utakuwa na manyoya. Kama kioo ni cha 60, nafasi haipo, na mstari huo ni pambo. Msidanganywe na namba kubwa ya kwenye boksi, zile 200, 400, 800 mara nyingi ni hesabu za wauzaji. Mstari wa "judder" kwa filamu uushushe chini kabisa. Ukiupandisha, filamu ya milioni za dola inaonekana kama tamthilia iliyorekodiwa uani.

Dawa ya pili ni giza. TV inazima taa zake kwa muda mfupi kati ya picha na picha, kama chogo ilivyokuwa. Picha inayokaa nusu ya muda ina mkia nusu: sentimita moja inakuwa nusu sentimita. Samsung waliiita LED Clear Motion, Sony ni ule mstari wa "Clearness". Ndiyo dawa ya kweli ya kioo cha 60, na bei yake ni mwanga. Taa ikizimwa nusu ya muda, nusu ya mwanga imekwenda. Na kwa mwendo wa 50 inapepesa.

Niliwahi kuiwasha kwenye kibanda umiza kimoja Makorora, saa kumi jioni, mlango wazi, watu wamejaa. Mpira ulikuwa safi ajabu. Dakika ya ishirini mtu wa nyuma akapiga kelele kwamba haoni kitu, wa mbele wakaanza kushika vipaji vya nyuso. Nikaizima huku natukanwa. Usiku, chumba giza, watu wawili watatu, iwashe. Kama kwenu kuna mwenye kifafa, achana nayo kabisa.

Kuna mkia mwingine wa ajabu, mipira miwili badala ya mmoja. Uchunguze hivi: weka ukurasa mweupe, zima taa za chumbani, pitisha kalamu haraka mbele ya kioo kwenda na kurudi. Ukiona kivuli kimoja kilicholainika, sawa. Ukiona kalamu nyingi zimepangana kama meno ya kitana, taa zako zinapunguzwa kwa kuwashwa na kuzimwa. Zikipiga mara 100 kwa sekunde na picha ni 50, kila picha inamulikwa mara mbili, na jicho linalotembea linaona mipira miwili. Pandisha baklaiti, kwa TV nyingi kalamu zitaungana. Hapo itabidi uchague kati ya mwanga mpole wa usiku na mpira mmoja. Mimi huchagua mpira.

Wenye PlayStation, washeni modi ya gemu na zima dawa ya kwanza. Inachelewesha kitufe.

Pale rimoti inapokwama

TV ya miaka minne ikianza kuwa ya bluu au zambarau, hasa kwa madoa madoa yenye duara, usihangaike na joto la rangi. Taa za nyuma ni LED za bluu zilizopakwa dawa ya manjano ili zitoe nyeupe. Joto linaichosha ile dawa, au kile kifuniko cha lenzi kinabanduka na kudondoka ndani. Ndiyo maana nawasihi wateja baklaiti isikae 100 mchana na usiku, nyumba zetu zina joto la kutosha. Kubadilisha taa hizo ni kazi ya fundi, na kioo chenyewe kinatoka kama karatasi, kikipinda kimekwisha. Usifungue mwenyewe. Kapasita ya kwenye bodi ya umeme inashika volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa waya ukutani.

Ukimaliza yote, chukua karatasi uandike kila namba, tundu kwa tundu. Ya mzee wa Chuda nimeibandika nyuma ya TV kwa selotepu, kwa herufi kubwa. Ijumaa alipita kibandani kwa baiskeli yake, tupu, hana mzigo. Hakutaja manjano. Alitaka kujua kama nina balbu ya 6500K nimuuzie, na mjukuu amebonyeza kitu, TV imerudi ya kiwandani. Nikamwambia karatasi iko nyuma.

"Nimeisoma," akasema. "Nimeshairudisha. Nimekuja kwa ajili ya balbu."